Kadi ya Kijivu

Mimi ni mwoga. Afadhali niseme mapema, kwa sababu mambo haya mume wangu akiyasimulia huwa hadithi ya mke jasiri aliyegundua ugonjwa wa mtoto kwa kompyuta. Mume wangu hakuwepo. Niliyekuwepo ni mimi, na niliogopa tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi yangu ni rangi. Nimeajiriwa katika duka la kuchapisha picha, juu ya ngazi nyembamba huko River Road, Nairobi. Harusi za Karen huja kwetu, picha za familia za Lavington zenye mbwa na nyasi, na vijitabu vya mazishi kutoka kila pembe ya mji. Mpiga picha ndiye husifiwa. Mimi ndiye hushinda mbele ya skrini nikihakikisha bibi harusi hakutoka kijani na marehemu hakutoka zambarau.

Watu hudhani kompyuta inaona rangi. Haioni kitu. Inajua namba tu, na kila rangi ina namba zake tatu, kama unavyomwelekeza mgeni kwako kwa mtaa, barabara na geti. Kuna njia nyingi za kuzipanga namba hizo, na kila njia tunaiita nafasi ya rangi. Skrini ina yake, ya nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya kuchapa ina yake, ya wino. Lakini ipo moja ninayoipenda kuliko zote, iliyobuniwa kufuata jicho la binadamu. Humo namba ya kwanza ni mwangaza peke yake. Ya pili inatoka kijani kwenda nyekundu. Ya tatu inatoka buluu kwenda manjano, na sufuri iko katikati, mahali pasipo na rangi yoyote. Ukifanya kazi humo unaweza kuipunguza manjano ya uso bila kuutia giza. Nyuso zinazopigwa picha kwenye kumbi zetu, chini ya balbu, huja za manjano tupu. Kwa hiyo kutwa nzima kazi yangu ni kuisogeza namba ya tatu kuelekea buluu, kidogo, tena kidogo, mpaka mtu arudi kuwa mtu.

Bosi ana sheria moja: usimletee uso bila kadi. Ni kadi ya kijivu, ukubwa wa kiganja, inayoshikwa kando ya uso katika picha ya kwanza. Kadi haina rangi, na namba yake ya tatu inatakiwa isome sufuri. Ikisoma kitu kingine, basi picha inadanganya, na unajua inadanganya kwa kiasi gani. Mimi yangu hukaa mkobani pamoja na kitambulisho na vitambaa vya pua.

Nilipojifungua binti yetu, mama mkwe alipanda basi kutoka Kitui akaja kutulea. Tangu siku hiyo hatukumwita tena jina lingine ila Susu, ambalo kwao ndilo nyanya. Alikuja na unga wa uji, kuku wawili ndani ya kikapu, na amri. Mtoto hatoki nje mpaka kitovu kikauke na kuanguka. Mgeni hambebi. Na dirisha lisibaki wazi, maana macho ya mtoto bado ni laini. Tunaishi upande wa nyuma wa maduka ya Adams, kando ya Ngong Road, kwenye ghorofa zilizobanana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo akikaanga vitunguu, mimi ndiye natokwa na machozi. Susu alitazama dirisha hilo mara moja tu, akafungua mzigo wake, akatoa leso mpya ya rangi ya machungwa, akaitundika kwa misumari.

Nilishukuru. Nilikuwa nimeshonwa, nimechoka, na chumba kile chenye mwanga wa machungwa kilikuwa na joto ingawa ilikuwa Julai, mwezi wetu wa baridi. Mume wangu ni dereva wa familia moja Karen na hulala huko katikati ya wiki, kwa hiyo tulibaki wanawake watatu, mmoja wetu mdogo kuliko mkate.

Wa kwanza kuitaja rangi ya mtoto ni Susu mwenyewe, na aliitaja kwa furaha. Upande wa mume wangu ni watu weupe. Kwetu Vihiga sisi ni weusi na hatujawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Susu alimfungua mtoto kila asubuhi akampigia simu dada yake Kitui.

"Ni brown!" alimwambia, kwa sauti ya kusikika hadi Dagoretti. "Ameshika rangi ya kwetu. Hii ya mama yake imekataa."

Nilicheka naye. Utani wa mama mkwe unacheka tu, hata ukikuchoma. Lakini asubuhi moja nilipokuwa nikimnyonyesha, niliutazama weupe wa macho yake katika ule ufa mdogo aliokuwa akiufungua, nikaona una rangi ya leso. Nikautazama ukuta. Nao ulikuwa na rangi ya leso. Nikautazama mkono wangu mwenyewe, na hofu ikanishika, kwa sababu mimi, ambaye kula yangu ni kuona rangi, sikuweza kusema mtoto wangu ana rangi gani.

"Susu," nilisema, "huoni kama mtoto amekuwa yellow?"

"Yellow gani? Hiyo ni brown. Baba yake alizaliwa hivyo hivyo." Akamfunika mtoto. "Wee mama, usitafutie mtoto ugonjwa. Ako sawa. Ona vile analala."

Ni kweli alikuwa analala. Alilala sana, hakusumbua mtu. Wote walimsifu kwa upole wake, nami nilimsifu. Ningemwambia nini Susu? Kwamba ile rangi aliyoitangaza Kitui nzima huenda ni ugonjwa? Ningeonekana mwanamke anayechukia mtoto wake akifanana na ukoo wa mumewe. Niliogopa ugonjwa, na niliogopa Susu, na sitaki kudanganya kwamba hofu ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko ya pili siku hiyo.

Nilijifungia chooni nikampigia muuguzi mmoja ninayeimba naye kwaya.

"Nitumie picha," alisema.

Nikatoka, nikampiga mtoto picha kwa simu akiwa amelala chini ya lile dirisha, nikamtumia. Alijibu upesi.

"Kwa picha anakaa sawa. Lakini picha si mtoto. Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Akianza kulala sana na kukataa titi, usiningoje mimi. Enda hosi, hospitali yoyote."

Nikaifungua picha ile kwenye kompyuta, kuhakikisha. Nikaigeuza kwenda kwenye ile nafasi ninayoipenda, nikasoma namba ya tatu ya shavu lake, ya paji la uso, ya kifua. Zilikuwa namba za mtoto mzima wa afya. Manjano yake ilikuwa ndogo kuliko yangu mimi. Nilicheka peke yangu kama mjinga, nikajimiminia chai, nikaongeza sukari.

Kikombe kilikuwa nusu nilipokumbuka kwamba sikuweka kadi.

Ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza pale dukani hukemewa kwalo. Simu hizi za sasa hazingojei mtu kama mimi. Zikiona manjano nyingi kwenye picha, zinaamua zenyewe kwamba ni taa, zinaongeza buluu pote, na hazikuambii. Simu ilikuwa imeona leso ya machungwa na mtoto ambaye amejaza picha yote. Ilikuwa imefanya kazi yangu, vizuri kabisa. Ikiwa leso ndiyo iliyoleta manjano, basi mtoto alikuwa salama. Ikiwa ni mtoto, basi simu ilikuwa imemfuta ugonjwa usoni na kunipa mtoto mwingine nimtazame.

Chai ilinishinda. Nilikaa pale nikimsikiliza akipumua, na kila pumzi nilidhani imechelewa.

Susu aliposhuka kununua sukuma wiki kwa mama wa kibanda, nilimfunga mtoto kwa shali mbili, nikamweka ndani ya beseni lenye taulo, nikapanda naye juu ya paa, wanapoanika nguo. Nilipanda ngazi hizo na mshono unanivuta, nikijiambia kwamba kitovu bado, kitovu bado, na nikimwomba Mungu nisikutane na jirani. Wingu la Julai lilikuwa limeufunika mji mzima, kijivu, bila kivuli hata kimoja. Bosi angeupenda mwanga ule. Niliweka beseni kati ya shuka za watu, nikaifungua shali usoni, nikaegemeza kadi kwenye shavu lake. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Nikapiga nyingine, na nyingine tena.

Hakuamka. Baridi ilimpiga usoni na hakuamka.

Nilimsikia Susu kabla sijamwona. Alikuwa akipanda ngazi akiita, na sauti yake haikuwa ya hasira bado, ilikuwa ya mtu aliyeingia nyumbani akakuta kitanda kitupu. Alipojitokeza kati ya nguo na kuona beseni, ndipo hasira ilipopata nafasi.

"Umeleta mtoto kwa baridi? Na kitovu haijaanguka? Na hiyo kadibodi unamwekea ni ya nini? Unampima?"

"Ndiyo, Susu. Nampima."

Alimnyakua, akashuka naye akinguruma kwa Kikamba maneno ambayo nashukuru sikuyaelewa. Nilimfuata. Nyumbani niliingiza picha kwenye kompyuta huku akiendelea kunisema nyuma ya mgongo wangu, kwamba wasichana wa siku hizi wanalea kwa simu, kwamba atamwambia mwanawe. Nilibonyeza juu ya kadi. Ilitakiwa isome sufuri, na ilisoma mbali upande wa buluu. Hata kule nje, kwenye mwanga mweupe, bila leso, simu ilikuwa imeona kitu cha manjano ikakipinga, na kule nje hapakuwa na kitu kingine cha manjano isipokuwa mwanangu.

Niliirudisha kadi kwenye sufuri. Ni kazi ya kubonyeza mara moja, na picha nzima huifuata kadi. Uso wa mtoto wangu uligeuka mbele yetu. Ulikuwa na rangi ya mahindi ya msaada, yale ya manjano yanayoletwa Kitui mvua ikikosa.

Susu aliacha kunisema, akainama kwenye skrini.

"Huyo ni nani?" aliuliza.

"Ni yeye."

Alimtazama mtoto mikononi mwake, akatazama skrini, akatazama dirisha. Akaenda akaing'oa leso yake kwa mkono mmoja, misumari ikaruka. Mwanga uliingia kidogo, ule tunaoachiwa na jirani, na ulitosha. Nilijaribu kumpa mtoto titi. Nilimkuna unyayo, nilimvua soksi, nilimpaka tone la maziwa mdomoni. Mdomo haukulishika titi.

"Vaa viatu," Susu alisema.

Kwenye teksi nilimpigia mume wangu. Alikuwa ameegesha nje ya shule akisubiri watoto wa bosi wake. Sikumbuki nilimwambia nini. Nakumbuka alisema "Nakuja, nakuja, nakuja," na kwamba magari ya Ngong Road hayakusonga, na kwamba Susu alikuwa amemfunika mtoto kwa ile leso kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi mwake.

Hospitalini, daktari alikuwa msichana mdogo kuliko mimi, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Alibonyeza ncha ya pua ya mtoto kwa kidole, akaachia, akatazama. Akabonyeza kifua. Mimi nilikuwa tayari nimefungua kompyuta kwenye kitanda cha kupimia.

"Daktari, nina namba zake."

"Namba gani?"

Nikaanza kumweleza, kadi, sufuri, buluu kwenda manjano. Alinisikiliza kwa heshima huku akifunga mpira kwenye kifundo cha mguu wa mtoto.

"Sawa, mama. Hiyo ni picha. Mimi nataka damu."

Damu ilisema namba iko juu. Alitueleza taratibu. Kuna kitu cha manjano kwenye damu ambacho ini la mtoto mchanga bado halijajua kukitoa. Kidogo ni kawaida, wengi huwa nacho, na kwa watoto weusi huwa vigumu kukiona. Kikizidi kinaingia kwenye ubongo. Wangeanza matibabu sasa hivi. Na baadaye, akipata nafuu, angepimwa masikio.

"Masikio kwa nini?" aliuliza Susu.

"Kwa sababu mahali kinapopenda kuharibu kwanza ni kusikia," daktari alisema. "Tutaona. Sisemi kimeharibu."

Walimvua nguo zote wakamwacha na nepi, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakamlaza chini ya taa za buluu. Buluu kali, ya kuumiza. Nilisimama pale nikafikiria kwamba hii ndiyo kazi yangu, mtu akiwa na manjano unamwongezea buluu, na kwamba mimi huwafanyia hivyo bibi harusi huku nakula mandazi. Nilimwambia muuguzi wa wodi. Akaniambia si hivyo hasa, mwanga ule unakivunja kile kitu ndani ya ngozi ili mwili ukikojoe. Nilikubali. Lakini niliendelea kutazama.

Na chini ya taa zile sikuweza kuona kitu. Kadi yangu pale ilikuwa buluu. Shuka lilikuwa buluu, vidole vyangu vilikuwa buluu, binti yangu alikuwa buluu kama mtu aliyekwisha kufa, na hapakuwa na njia yoyote ya kujua kama anapona isipokuwa kungoja watu waje na sindano wamtoboe kisigino. Mume wangu alifika na sare yake ya kazi, akanishika bega, akaniuliza, "Anaendeleaje?" nikamfokea kwamba sijui, aniache, mimi si damu. Maskini, aliniacha. Susu alikaa kwenye benchi la nje na leso magotini, akiomba kwa sauti ya chini, na sikuenda kukaa naye. Kila mmoja wetu aliogopa peke yake.

Namba ya damu ilishuka. Ikashuka tena. Mtoto akaanza kulia kwa njaa, akanyonya mpaka akapaliwa, na tukaruhusiwa kurudi nyumbani tukiwa na siku ya kuja kupimwa masikio.

Ningependa kusema hofu iliisha hapo. Ilihama tu. Kila asubuhi nilimpeleka mtoto paani na kadi yake, na sasa hakuna aliyenikataza. Namba ya tatu ilirudi pole pole mahali pake, na rangi yake halisi ikaanza kutokea, na ilikuwa yangu, weusi wa Vihiga, na hata Susu hakuipinga. Hayo yote niliyaona kwenye skrini. Lakini masikio hayana rangi. Nilimwita jina lake akiwa amelala na hakuamka, nikajiambia watoto hulala hivyo. Nilipiga kofi moja dogo, nikaogopa kupiga la pili. Sikumwambia mtu. Nilihisi kwamba nikilisema nitalileta.

Kitu kingine kilichonisumbua siku hizo ni Susu kuangusha vitu. Mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimwaga hata tone la maji alianza kuangusha vijiko, mwiko, kikombe cha bati. Kila mara nilishtuka mpaka moyo uniume. Nilidhani ni uzee, halafu nikadhani ananionyesha hasira kwa sababu ya leso.

"Susu, pole pole basi," nilimwambia siku moja.

"Mikono imechoka," alijibu, na kuokota.

Ilikuwa asubuhi, uji ukiwa motoni. Nilikuwa mezani nikisoma picha za siku hiyo, na mtoto alikuwa amelala kwenye kiti nyuma yangu. Nilivua miwani nisugue macho, nikageuka, nikamwona Susu amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mkono mmoja alikuwa ameuinua juu ya kichwa, ameshika kifuniko cha sufuria ile kubwa. Hakuwa akikitazama kifuniko. Alikuwa akimtazama mtoto, na uso wake ulikuwa na hofu ile ile niliyokuwa nikiiosha usoni mwangu kila asubuhi. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti.

Akakiachia.

Kiligonga sakafu, kikazunguka kwa kelele ya kuamsha ghorofa zote, na mtoto alirusha mikono yote miwili hewani, vidole vimetanuka, akafungua mdomo, akalia.

Susu aliketi chini pale pale mlangoni, miguu imenyooka mbele yake.

"Jana nilirusha hakushtuka," alisema. "Juzi hakushtuka. Nilikuwa naogopa kukuambia, mwiitu wakwa, binti yangu. Nilisema ni ile leso yangu."

Nilitaka kumwambia si leso. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Mtoto alikuwa akilia kwa hasira, amekunja ngumi, na kifuniko kilikuwa kimetulia karibu na mguu wangu. Nilikiokota nikampa.

"Angusha tena, Susu," nilimwambia. "Angusha tena."